Pua, sainasi na sakafu ya ubongo: mhadhara wa Chake Chake

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Ahsanteni kwa kuja, najua huu msimu wa karafuu na kuna watu hapa wameacha mikeka nje, kwaiyo mvua ikianza inukeni tu mkaanue, sitokasirika.

Nimeombwa nizungumze kuhusu operesheni za sainasi na zile zinazofanywa chini ya fuvu kwa kupitia puani, yani utafiti unasemaje, nani anafaa kupasuliwa na nani anafaa kuachwa. Nilokuja nalo mimi ni hili: operesheni ya sainasi haiondoi ugonjwa, inafungua njia. Ukilishika hilo utaelewa kwa nini mtu anapasuliwa leo na bado dokta anamwambia aoshe pua mpaka mwakani, na mgonjwa anakasirika anaona kaibiwa pesa zake.

Ndani ya mifupa ya uso muna vyumba vya hewa, jozi nne, mashavuni, kwenye paji, baina ya macho, na jozi moja nyuma kabisa katikati ya kichwa. Vyote vina utando unaotoa ute, na juu ya utando kuna vinyweleo vidogo mno, huvioni kwa macho, vinapiga usiku na mchana vinausukuma ule ute uelekee kwenye tundu lake, kila sainasi na tundu lake la asili. Tundu likiziba ute unalala mle, uso unakuwa mzito, pua haipitishi, harufu inapotea mtu anaunguza chungu na hajui. Ikipita wiki 12 hapo ndo tunasema sainasi sugu. Sio mafua ya siku nne mtu anakuja anadai apigwe picha ya kichwa.

Sasa zamani walipasua vipi? Caldwell kule New York mwaka 1893 na Luc wa Paris mwaka 1897, kila mmoja na lake, walifika pahala pamoja: unainua mdomo wa juu, unachana juu ya fizi, unatoboa mfupa wa shavu, unakwangua utando wote, halafu unafungua tundu jipya chini kwa upande wa pua ili uchafu uteremke. Kwa akili ya kawaida iko sawa, maji si yanakwenda chini? Watu wamefanyiwa hivo miaka na miaka, uso unavimba, meno yanakufa ganzi, na wengi wao makamasi yakarudi vile vile.

Alokuja kulifumbua ni Messerklinger wa Graz, Austria. Yeye alikaa anauangalia ute unavyotembea ndani ya sainasi, akaona unalipita lile tundu jipya la chini kama haulioni, unapanda juu kwenye tundu lake la asili hata kama limeziba. Ni sawa na mzee umemtobolea mlango wa uani karibu kabisa na chumba chake, na yeye bado anazunguka nyumba nzima atokee barazani. Kwaiyo suala sio kutoboa pengine wala kukwangua, suala ni kufungua pale pale palipoziba na utando uuache, maana vinyweleo viko kwenye utando, ukishaukwangua nani atasukuma? Na wakati huo huo Hopkins, mwanafizikia wa Uingereza, alikuwa ameshatengeneza lensi za vijiti vya kioo na kampuni ya Karl Storz ya Ujerumani ikazigeuza kamera nyembamba inayoingia puani, ndo ikawezekana kufanya kazi mle bila kuchana uso. Stammberger, mwanafunzi wa Messerklinger, akaisambaza, na mwaka 1985 Kennedy wa Marekani ndo aliipa jina linalotumika mpaka leo. Hakuna kovu, hakuna nyuzi usoni, unaingia na kutokea puani.

Haya, historia basi. Tuje kwenye utafiti wenyewe maana hapa ndo penye utamu.

Utafiti wa operesheni ni mgumu kuliko wa vidonge. Kidonge unaweza kumpa mtu cha uongo asijue, lakini operesheni ya uongo utaifanyaje, umlaze umchezee pua halafu umwambie tayari? Pili, unapimaje kuwa mtu kapona? Kuna picha ya siti skani, tunaipa alama kuanzia 0 mpaka 24 kwa jinsi sainasi zilivyojaa, lakini wallahi kuna watu picha zao zimejaa tele na wanacheka, na wengine picha ina kadoa kadogo tu na maisha yao yameharibika. Kwaiyo siku hizi kipimo kikubwa ni karatasi ya masuali 22, anajaza mgonjwa mwenyewe, unalala vipi, unapenga mara ngapi, unanusa, unachoka, unaona haya mbele za watu, kila suali 0 mpaka 5, ukijumlisha ni 0 mpaka 110. Na wamekadiria kuwa alama zikishuka kama 9 hivi hapo mgonjwa mwenyewe anahisi tofauti, chini ya hapo ni hesabu za dokta tu. Mimi karatasi hii naipenda kwa sababu inamlazimisha dokta asikilize.

Sasa mwaka 2022 Waholanzi walitoa utafiti, watu 238 wenye nyama za pua, yani vile vinyama laini vinavyoota kwenye utando, wakawagawa kwa bahati nasibu, hawa operesheni pamoja na dawa, wale dawa peke yake. Baada ya mwaka mmoja wote walikuwa nafuu, na waliopasuliwa walikuwa mbele kwa alama kama 5 tu. Tano, na nimesema mtu anahisi kuanzia 9. Watu wakasema aa basi, visu vya nini. Halafu 2025 ukaja wa Uingereza, watu zaidi ya 500, makundi matatu: operesheni, au antibayotiki ya kunywa miezi mitatu, au kidonge cha uongo, na wote hao waliendelea na spreyi ya steroidi, yani dawa ya kupunguza uvimbe, na kuosha pua kwa maji ya chumvi. Baada ya miezi sita waliopasuliwa walikuwa mbele kwa alama kama 20. Ishirini jamani. Na ile antibayotiki? Haikuonesha faida yoyote kuliko kidonge cha uongo.

Mtu atauliza, mbona wanapingana? Mimi sioni kama wanapingana sana. Waholanzi walichukua wenye nyama za pua tu, Waingereza wakachanganya wenye nyama na wasio nazo, na Waholanzi kundi la dawa waliruhusiwa kila kitu pamoja na vidonge vya steroidi, ambavyo nyama zinasinyaa kweli lakini huwezi kumnywesha mtu kila mara, sukari inapanda, presha inapanda, mifupa inakonda. Tena mmoja kapima mwaka, mwengine miezi sita. Nnavyosoma mimi, spreyi na maji ya chumvi kwanza, kwa uaminifu, sio siku mbili unaacha, ikishindikana operesheni ina maana na usiikimbie. Kilichoanguka katikati ni antibayotiki za muda mrefu, na ntasema wazi kwa sababu sisi hapa tunapenda, mtu anaingia duka la dawa anasema nipe za sainasi, anapewa paketi, mwezi ujao paketi nyengine, mwaka mzima hajaonana na dokta wa pua hata siku moja. Pesa inakwenda, usugu wa dawa unaongezeka, na tundu bado limeziba vile vile.

(Mama mmoja upande wa wanawake: Na mafuta ya karafuu jee dokta, ya kutia puani?)

Hehe, nlijua litakuja, Pemba hii. Bi, mafuta ya karafuu yanatia ganzi, ndo maana kwa jino yanasaidia. Ukitia puani unaona kama pua imefunguka kumbe umeuunguza utando na huhisi tu. Usitie. Kama unataka kitu cha nyumbani basi ni maji ya chumvi, maji yachemshe yapoe yawe vuguvugu, robo lita na nusu kijiko cha chai cha chumvi, unainama kwenye beseni unaingiza tundu hili yanatokea tundu la pili. Na yachemshwe kweli, yasiwe ya kisima moja kwa moja.

Tuingie sasa kwenye hichi cha pili, chini ya fuvu. Pale juu ya pua, baina ya pua na ubongo, kuna mfupa mwembamba mno, na baina ya sainasi na jicho pia, mwembamba hata ukiwasha taa upande mmoja unaona mwanga upande wa pili. Ndo maana hatuingii bila siti skani, na ndo maana hatari zinazotajwa kabla ya kusaini fomu ni jicho na maji ya ubongo. Ni nadra, kwa mikono yenye uzoefu mambo mazito ni kama mtu mmoja kwa mia au chini yake, lakini ukisomewa fomu usiseme tia saini tu dokta, sikiliza.

Ile ile njia iliyokuwa hatari ikaja kuwa barabara. Tezi ya pituitari, tezi ndogo ya homoni chini ya ubongo, imekaa nyuma ya ile sainasi ya mwisho katikati ya kichwa, ikiota uvimbe inabana mishipa ya macho mtu anaanza kutoona pembeni, anagonga milango, anamwagia watu chai. Schloffer wa Austria aliifikia kwa kupitia pua mwaka 1907, lakini kwa kuchana na kuigeuza pua upande, Cushing wa Marekani akaifanya sana kupitia chini ya mdomo kisha mwenyewe akaiacha akarudi kufungua kichwa kwa juu, na watu wengi wakamfuata. Miaka ya 1990 kule Pittsburgh, Marekani, Jho wa ubongo na Carrau wa pua wakaifanya kwa kamera, mwaka 1997 wakatoa taarifa ya wagonjwa 50. Angalieni hapo, daktari wa pua na wa ubongo meza moja, mmoja anashika kamera mwengine anafanya kazi. Sisi madaktari ni watu wa ubishi, hilo peke yake ni maendeleo.

Tatizo lilobaki likawa tundu. Umetoa uvimbe, umeacha tundu baina ya ubongo na pua, maji ya ubongo yanachuruzika, vijidudu vya pua vinapanda, homa ya uti wa mgongo hiyo. Kwa matundu makubwa walivuja watu kama mmoja kati ya watano au zaidi. Mwaka 2006 Hadad na Bassagasteguy wa Rosario, Argentina, wakaja na kitu rahisi mpaka unajiuliza kwa nini hakikufikiriwa mapema: wanachuna utando wa ule ukuta wa katikati ya pua, hawaukati wote, wanauacha umeshikilia mshipa wake wa damu nyuma, wanauzungusha wanafunika tundu. Kwa kuwa damu inapita, unashika haraka. Uvujaji ukashuka mpaka karibu 5 kwa mia katika taarifa nyingi. Halafu Pittsburgh hao hao mwaka 2019 wakawagawa wagonjwa 170 wenye hatari kubwa, nusu wakawekewa mrija mgongoni wa kupunguza maji kwa siku chache, waliovuja wakawa 8 kwa mia, wasiowekewa 21. Hapo mabishano ya miaka yakapungua.

Hapa kwetu msidhani mambo haya ni ya Ulaya tu. Pale hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, tangu 2014 kuna jengo la upasuaji wa ubongo lililojengwa na taasisi ya NED ya Hispania, na rufaa za Bara zipo.

(Mzee mmoja: Nitajuaje haya maji ni ya ubongo au mafua?)

Suali zuri shekhe. Maji ya ubongo ni meupe maangavu, hayana utelezi, yanatoka tundu moja tu, na yanatoka ukiinama. Nimewahi kuona mama aliyekuja kwa sababu msala wake unalowa, kila akisujudu tone tone tone upande wa kushoto, akatibiwa aleji muda mrefu. Yakikauka kwenye leso hayakakamai kama makamasi. Ukiona hivo, hasa kama uliwahi kuanguka au kupata ajali ya bodaboda, kinga kidogo kwenye kichupa safi uje nayo, yanapimwa.

Na kwa alofanyiwa operesheni ya huko chini ya fuvu, wiki za mwanzo hapengi, akipiga chafya anafungua mdomo, habebi ndoo, hajikamui chooni. Na sijda je? Haweki kichwa chini, anasali kwa kukaa na kuashiria, mashekhe nnaowauliza wanasema hilo halina tatizo kwa mgonjwa. Kupandisha maji puani kwenye udhu pia anasubiri mpaka dokta amruhusu. Haya, naona wingu limekuja, wenye mikeka nendeni, na wenye picha zao za siti wabaki nizitazame.