Pareto, sumu ya nyanya na neva zetu

(Mhadhara huu ulitolewa Uyole, Mbeya. Umeandikwa kama ulivyosemwa.)

Wazee wangu shikamooni, vijana mambo vipi. Naona kipaza sauti kinakatakata, kwa hiyo wa kule nyuma msiponisikia nyoosheni mkono, msikae kimya halafu mje kunilaumu nje.

Wengi hapa mmetoka Umalila, wengine nawaona wa Makete, basi tuanzie na pareto. Mnaijua kuliko mimi. Mnachuma yale maua meupe yenye kitovu cha njano, mnaanika, yanapimwa, yanaenda zake kiwandani Mafinga. Sasa kile kinachotolewa mle ndani ya ua, pairethrini, ukimpulizia nzi anadondoka palepale, anazunguka kwa mgongo, miguu inatetema, halafu kwisha. Hajakosa hewa huyo, wala tumbo halijaungua. Kilichopigwa ni neva zake, tena hata sio neva yote, ni kijilango kidogo sana kwenye ukuta wa seli ya neva, kile kinachoingiza sodiamu. Kikishafunguka, pairethrini inakizuia kufunga. Basi, ni hivyo tu. Seli inafyatua taarifa mfululizo mpaka inashindwa.

Na kijilango hicho mimi na wewe tunacho pia. Mbona hatudondoki tukichuma pareto? Kwanza vya kwetu havishikwi kirahisi kama vya mdudu, pili damu yetu ina joto na hii dawa inauma zaidi kwenye mwili wa baridi, tatu ini letu linaivunja haraka kabla haijafika mbali. Ndo maana hata zile dawa za kwenye chandarua, permethrini na deltamethrini, ambazo watu wa maabara walizitengeneza wakiiga pareto, unalala chini yake na mtoto na asubuhi mnaamka vizuri wakati mbu kalala chini.

Nimeanza na hilo makusudi. Mtu akikwambia "fulani ana tatizo la neva" bado hajakwambia kitu. Muulize wapi, na ni seli gani. Bila hayo mawili ni kubahatisha tu, na dukani watakuuzia chochote.

Haya, seli yenyewe. Inaitwa nuroni. Ina kiwiliwili chenye kiini, ina matawi mafupi mengi ya kupokea taarifa, dendraiti, na ina mkia mmoja mrefu wa kupeleka, aksoni. Kiwiliwili hukioni kwa macho, lakini mkia unaotoka huku chini ya mgongo mpaka kwenye kidole gumba cha mguu kwa mtu mzima unafika kama mita moja. Seli moja hiyo! Mimi nimefundisha hili miaka na bado linanishangaza. Kwenye ubongo nuroni ziko kama bilioni 86, na usidhani zimejaa huku mbele tunakofikiria, hapana, kama 69 ziko kisogoni, kwenye serebelamu, kale kabongo kadogo kanakosimamia usawa wa mwili na mpangilio wa mijongeo. Ile gamba ya juu yenye mikunjo inayotupa maringo ina kama 16 tu.

Watu wamezijua lini? Mwitaliano Camillo Golgi mwaka 1873 aligundua namna ya kuzipaka rangi kwa madini ya fedha, zinatokea nyeusi tii. Mhispania Santiago Ramón y Cajal akaichukua njia hiyohiyo, akakaa na hadubini akichora, akasema kila moja ni seli inayojitegemea. Golgi akakataa katakata, yeye aliona ni wavu mmoja ulioungana. Mwaka 1906 wakapewa Tuzo ya Nobel pamoja, na Golgi kwenye hotuba yake ya kupokea tuzo akaendelea kumpinga mwenzake hadharani. Cajal ndo alikuwa sahihi.

Sasa taarifa inasafirije. Seli ikiwa imetulia, ndani yake kuna umeme wa milivolti 70 hasi ukilinganisha na nje. Ikiguswa vya kutosha, vile vijilango vya sodiamu vinafunguka, sodiamu inaingia, chaji inageuka, halafu potasiamu inatoka hali inarudi. Yote hayo ni kama elfu moja ya sekunde. Mmeshaona moto wa nyasi kiangazi unavyopanda kilima: shada moja linawasha la mbele yake, na haurudi nyuma kwa sababu nyuma kumeshaungua. Ndo hivyohivyo kwenye aksoni. Sehemu moja inaiamsha inayofuata, iliyopita inapumzika kidogo kwa hiyo taarifa haigeuki. Na kama aksoni imevikwa mafuta, yaani maielini, hauchomi kila shada, unaruka kutoka nafasi moja iliyo wazi hadi nyingine, ndo maana unakimbia sana.

Unakimbia kiasi gani? Jikwae kidole kwenye jiwe. Kwanza unajua umegonga, hapohapo, na uchungu mmoja mkali unaochoma. Kisha kuna kanafasi, unakunja uso unasubiri, maana unajua kinakuja, halafu ndo linakuja lile liumivu zito la kuwaka. Mnacheka kwa sababu wote mnalijua. Ile taarifa ya kwanza ya mguso imepita kwenye nyuzi nene zenye maielini, na nyuzi za namna hiyo zilizo nene kuliko zote zinafika hata mita 120 kwa sekunde. Ile ya mwisho inapita kwenye nyuzi nyembamba zisizo na maielini, mita moja kwa sekunde, mbili ikizidi sana. Kutoka kidoleni mpaka mgongoni ni mita moja, pigeni hesabu wenyewe.

Maielini haijitengenezi. Ndani ya ubongo na ugwe wa mgongo inatengenezwa na seli zinaitwa oligodendrositi, nje huku mikononi na miguuni ni seli za Schwann. Hizi ni katika zile seli za glia, wasaidizi. Wengine ni astrositi wanaolisha nuroni na kusafisha mazingira yake, na maikroglia ambao ni walinzi. Vitabu vya zamani vilisema glia ni mara kumi ya nuroni, waliokuja kuhesabu vizuri wameona zinakaribia kulingana.

Turudi shambani, hapa ndo nataka mnisikilize. Aksoni ikifika mwisho haigusani na seli inayofuata, kuna mwanya, sinapsi. Taarifa inavuka kwa kemikali. Otto Loewi alilionyesha mwaka 1921 kwa mioyo miwili ya vyura: alisisimua neva ya moyo wa kwanza ukapunguza mapigo, akachukua maji yaliyouzunguka akamwagia moyo wa pili ambao neva yake haikuguswa, nao ukapunguza. Kemikali ile ni asetilikolini, na ndiyo hiyohiyo inayoamrisha misuli yako ukunje mkono. Ikishafanya kazi lazima ivunjwe mara moja, kuna kimeng'enya kinachofanya hivyo. Sasa zile dawa za jamii ya oganofosfeti, ambazo ndugu zangu wa nyanya wa Ilula na wa viazi huku kwetu mnapiga kwa bomba mgongoni bila glavu, kaptura, ndala, upepo unakuja usoni, kazi yake ni kukifunga kile kimeng'enya. Cha mdudu, na cha kwako vilevile. Na hapa hakuna ile tofauti kubwa ya kutukinga kama kwenye pareto.

Asetilikolini inajaa haivunjwi. Utamuona mtu mboni za macho zimekuwa ndogo sana, machozi, mate yanamtoka, jasho, anaharisha, kifua kinabana, nyama za mwili zinachezacheza chini ya ngozi, na mwisho misuli ya kupumua inalegea. Ukimuona hivyo usihangaike kutafuta maziwa! Mtoe nguo, muoshe kwa maji mengi na sabuni, na wewe ujikinge usishike kwa mikono mitupu, mkimbize hospitali na chupa ya dawa ubebe, lebo ile wanaihitaji. Kule kuna atropini, dawa ya kupinga hiyo asetilikolini iliyojaa.

Mpangilio wa mfumo wote nitaupitisha haraka. Kati kuna ubongo na ugwe wa mgongo. Nje kuna neva, jozi 12 zinatoka kichwani na jozi 31 mgongoni. Katika hizo za nje zipo unazoziamrisha, na zipo zinazojiendesha, nazo ni pande mbili. Basi likishuka Kitonga na breki zinanuka, moyo unaenda mbio, mdomo unakauka, viganja vinalowa, hiyo ni simpathetiki. Mkifika Ruaha Mbuyuni salama mkakaa kula na tumbo likaanza kuunguruma, parasimpathetiki imechukua zamu. Na utumbo wenyewe una mamilioni ya nuroni zake.

Kwa nini nasisitiza wapi? Kijana wa bodaboda akikatwa na kioo neva ya mkono, ikiunganishwa vizuri, aksoni inaota tena, kama milimita moja kwa siku. Kwa hiyo kutoka kifundoni hadi ncha ya kidole ni miezi, avumilie. Ugwe wa mgongo ukikatika hauoti hivyo, mazingira ya mle yanazuia, na kovu linaloachwa pia linazuia. Mtu huyohuyo, ajali hiyohiyo, sentimita chache tu za tofauti ya jeraha.

Na kifafa, maana najua kuna watu humu wana watoto wenye kifafa na wameshaambiwa mengi. Kifafa ni kundi la nuroni kwenye ubongo kufyatua kwa pamoja bila mpango. Sababu ni nyingi, ila kwenye maeneo yanayofuga nguruwe wakizurura, Mbozi ikiwemo, mojawapo ni lava, yaani watoto, wa tegu wa nguruwe kuweka kambi kwenye ubongo. Hapa watu wanachanganya. Kitimoto kisichoiva kinakupa tegu tumboni. Lava wa kwenye ubongo wanatokana na kumeza mayai, na mayai yanatoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu. Kwa hiyo hata asiyeonja nguruwe maisha yake yote anaweza kupata, kwa mboga isiyooshwa au mkono wa mpishi. Choo na sabuni ndo vinakinga, na nguruwe afungiwe. Na povu la mgonjwa haliambukizi, msiogope kumgusa, mlazeni ubavu, msimtie kijiko mdomoni.

Swali la mama pale. Anasema miguu inawaka moto usiku, ameshameza vidonge vya neva vya kila rangi. Mama, inawaka mmoja au yote? Yote, imeanzia vidoleni inapanda. Sawa. Aksoni ndefu kuliko zote ndo zinaumia mwanzo, ndo maana inaanzia mbali huko. Ingekuwa mguu mmoja, na unauma kuanzia kiunoni, ningefikiria mgongo kwanza. Wewe nenda kapime sukari, kesho, hilo ndo la kwanza. Pombe nayo inafanya hivyo, upungufu wa B12 pia, na anayetumia dawa za TB awaambie wampe B6. Lakini hiyo B6 ukiimeza kwa wingi muda mrefu yenyewe inaharibu neva, kwa hiyo hivyo vidonge vya kila rangi kesho vifunge kwenye mfuko uende navyo, daktari avione. Haya, kijana wa koti la kijani, halafu mzee pale pembeni.