Tafuta wa Kukusikiliza

Assalaamu alaykum, wanangu. Karibuni chuo kikuu hapa Tunguu, nyinyi wa mwaka wa kwanza, na mliovuka bahari kutoka Pemba, poleni na safari.

Nataka tuanze na neno lenyewe, chuo. Nyote humu ndani mlishaingia chuo zamani, wengine mkiwa hamjatimiza hata miaka sita. Hapa kwetu mtoto akiambiwa "nenda chuo", anachukua juzuu yake anakwenda kwa maalim. (Na zamani zaidi neno hilo lilikuwa na maana ya kitabu.) Hebu kumbukeni mlivyosoma kule. Mmekaa kwenye jamvi, kila mmoja na aya yake. Kisha maalim anaita mmoja mmoja. Unakaa mbele yake, unasoma, anakusikiliza. Ukikosea herufi moja anakurejesha hapo hapo. Hapewi mtu ukurasa mpya mpaka asikilizwe. Na usipoonekana siku mbili, ya tatu maalim anabisha hodi kwenu.

Chuo hiki hakina hilo. Mtakaa watu mia mbili ukumbini, mhadhiri atasomesha kwa muda wake, atafuta ubao, atakwenda zake. Hukuja wiki nzima, hakuna atakayebisha hodi. Mimi naamini shida nyingi za mwaka wa kwanza zinaanzia hapo: mtu aliyezoea kusikilizwa tangu utotoni, ghafla hasikilizwi, na hajui kwamba sasa ni juu yake kumtafuta wa kumsikiliza.

Nitawaeleza yaliyonikuta mwenyewe. Nilipanda meli bandari ya Mkoani, Pemba, na begi moja, na ndoo ndogo ya achari ya embe aliyonifungia mama. Kidato cha sita nilifaulu vizuri. Nilikuwa hodari wa kuhifadhi. Jaribio la kwanza la biolojia nikapata 11 kwa 30. Matokeo yalibandikwa kwa namba za usajili, nikaipitisha kidole namba yangu mara tatu nikidhani nimekosea mstari. Swali lililoniangusha lilikuwa la osmosisi. Maana yake nilikuwa naijua tangu skuli, kwa Kiingereza, neno kwa neno, na ndiyo niliyoiandika. Lakini hatukuulizwa osmosisi ni nini. Tuliulizwa kwa nini kipande cha kiazi kikitiwa kwenye maji ya chumvi nyingi hulegea.

Siku mbili sikutoka dakhalia, yaani bweni, ila kwa sala na chakula. Ya tatu, mwenzangu wa chumba, ambaye alikuwa anasoma uhasibu, akanambia: hebu nieleze hilo swali. Nikaanza kumsomea ile maana yangu ya Kiingereza. Akanikatiza. "Sikufahamu. Nieleze kama unavyonieleza habari za kwenu."

Nikaitazama ile ndoo. Mama akifanya achari huzikata embe mbichi, huzitia chumvi, huziacha usiku kucha kwenye beseni. Asubuhi embe zimesinyaa na chini ya beseni pana maji. Hakuna aliyetia maji. Basi yametoka wapi? Yametoka ndani ya embe zenyewe: nje chumvi ni nyingi, ndani ni kidogo, maji yanapenya kwenye utando wa seli kuifuata chumvi ilipo. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu, nikanyamaza katikati ya sentensi. Miaka yote ile nilikuwa nikiiandika osmosisi, na usiku ule ndio nilioifahamu, kwa sababu mtu asiyejua biolojia alikubali kukaa kitandani anisikilize.

Sisemi muache Kiingereza. Mtihani utaujibu kwa Kiingereza na vitabu vingi ni vya Kiingereza, kwa hiyo kisomeni kwa bidii. Nasema jambo lifahamu kwanza kwa lugha unayoota kwayo usiku, kisha livushe.

Sasa hesabu kidogo. Kila somo lina krediti zake, na kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania krediti moja ni saa 10 za kazi. Mwaka una krediti 120, yaani saa 1,200. Somo la krediti 10 ni saa 100. Ukihudhuria saa 3 kila wiki kwa wiki 15, umetimiza 45. Hizo 55 nyingine hazina kengele wala msimamizi. Ndizo za kudurusu, za maktaba, za kukaa wawili watatu mkaelezana. Na msidanganywe kwamba mwaka wa kwanza ni wa kuzoea tu: GPA yetu, yaani wastani wa alama zako zote, ni ya 5, daraja la kwanza linaanzia 4.4, na alama za muhula huu zitabaki humo mpaka siku ya mahafali.

Mnaokaa makwenu, hasa watoto wa kike, nawajua. Umerudi saa saba mchana, mama anasema: si umeshatoka chuo? Shika mtoto, osha vyombo. Hakuonei, kwake yeye aliyerudi ameshamaliza. Hajaelezwa zile saa 55. Nilikuwa na mwanafunzi aliyebandika karatasi mlango wa jiko: baina ya Magharibi na Isha nadurusu, baada ya Isha vyombo ni vyangu. Alianza kwa kukaa na wazazi wake akawaeleza somo moja baada ya jingine. Haikupita wiki, babaake ndiye aliyekuwa akiwanyamazisha wadogo zake.

Kuhusu fedha nitasema moja tu. Mkopo ni deni. Ukiingia, lipa chumba, nunua mchele, simu mpya ingoje.

Na ukimwona mwenzako wa chumba amelala mchana kutwa siku ya pili, hali chakula, hasemi, usimwambie ajikaze. Mpikie chai, umuulize habari za kwao.

Ofisi yangu iko wazi Jumanne na Alkhamisi baada ya Adhuhuri. Wengi hawaji kwa kuwa wanadhani lazima waje na swali zuri. Njoo na daftari lako tu, ukae, unieleze ulichokifahamu katika mhadhara uliopita, kwa Kiswahili ukipenda. Nitakusikiliza. Ukikosea, tutarejea hapo hapo.