Kikao cha kwanza: afya ya akili kwa familia za asili ya Asia nchini Marekani

Ndugu zangu wauguzi, washauri nasaha na wakalimani, asanteni kwa kufika.

Mwaka 1977 mwanasaikolojia Stanley Sue alichapisha alichokiona katika vituo 17 vya afya ya akili vya eneo la Seattle. Zaidi kidogo ya nusu ya wagonjwa wenye asili ya Asia walikuja mara moja, hawakurudi. Kwa Wazungu, walioishia kikao cha kwanza walikuwa kama asilimia 30. Baadaye, utafiti wa kitaifa wa 2002 na 2003 ulionyesha kwamba asilimia 8.6 tu ya Wamarekani wenye asili ya Asia walikuwa wametafuta msaada wa aina yoyote wa afya ya akili ndani ya mwaka mmoja, ilhali kwa wananchi kwa jumla ni asilimia 17.9. Yaani wanaofika mlangoni ni wachache, na hao wachache tunawapoteza siku ile ile. Kwa hiyo leo sitazungumzia tiba ya mwaka mzima. Nazungumzia dakika 90 za kwanza.

Kazi inaanza kwenye simu ya kupanga miadi. Kiswahili kimetuzoesha maneno mawili, Mhindi na Mchina, na tumevuka nayo bahari. Hapa hayatoshi. Fomu ikiandikwa “Kichina”, ataletwa mkalimani wa Kimandarini kwa bibi anayezungumza Kikantoni, wabaki kuangaliana. Ikiandikwa “Kihindi”, hujui kama ni Kigujarati, Kipunjabi, Kibengali au Kitamil. Uliza mambo mawili: nyumbani mnazungumza lugha gani, na mgonjwa alizaliwa wapi, mwaka gani. Mkambodia aliyekuwa nchini mwake kati ya Aprili 1975 na Januari 1979 aliishi chini ya Khmer Rouge, utawala uliosababisha vifo vya watu wapatao milioni 1.7. Maswali yake hayawezi kuwa yale ya mjukuu wake aliyezaliwa Long Beach, California.

Wenzenu walioko Uingereza, hasa Leicester, hukutana na wazee wa Kigujarati waliofukuzwa Uganda mwaka 1972, na baadhi yao bado wanakijua Kiswahili. Msalimieni mzee kwa Kiswahili, atafurahi. Lakini kwa wengi wao Kiswahili kilikuwa lugha ya dukani na ya kuagiza kazi za nyumbani. Msikifanye lugha ya kumwuliza habari za huzuni yake. Mleteeni mkalimani wa Kigujarati.

Kuhusu mkalimani nitakuwa mkali kidogo. Mtoto wa mgonjwa hatumiki. Kanuni za shirikisho chini ya sheria ya afya ya mwaka 2010 zinakataza kumtegemea mtoto mdogo kuwa mkalimani isipokuwa kwenye dharura, na sababu inajulikana: baba hatatamka mbele ya binti wa miaka kumi na miwili kwamba ametamani kufa. Katika jamii ndogo, mkalimani anaweza kuwa jirani, au mtu wanayesali naye hekalu moja, au kanisa moja. Mgonjwa akimwona tu, mdomo umefungwa. Mwulize mapema kama angependa mkalimani wa simu kutoka jimbo lingine, na jina la mgonjwa lisitajwe hewani. Kaa na mkalimani dakika tano kabla. Mwambie unataka maneno yenyewe ya mgonjwa, asiyageuze kuwa ya kitabibu. Ndani ya kikao zungumza sentensi mbili, simama. Mtazame mgonjwa, si mkalimani.

Sasa tufike penye uzito. Mgonjwa ameketi, umemwuliza anaumwa nini. Hatakwambia “nina sonona”, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Atakwambia shingo inauma, kichwa kinazunguka, usingizi hakuna. Wengi tumefundishwa kwamba huyu anaficha huzuni nyuma ya mwili, na kazi yetu ni kumvua. Naipinga fikra hiyo. Mwaka 1980, mjini Changsha katika jimbo la Hunan, daktari wa akili Arthur Kleinman aliwachunguza wagonjwa 100 walioambiwa wana ugonjwa wa mishipa dhaifu ya fahamu, ambao Wachina huuita shenjing shuairuo. Kati yao, 87 walikuwa na sonona kwa vigezo vya Kimarekani. Walikuwa na huzuni, ndiyo, ila walichokijia hospitali ni kichwa na usingizi. Ukikidharau kichwa, huzuni hutaonyeshwa. Na sisi je? Hatusemi moyo mzito, roho inaniuma, nina mawazo mengi? Wakambodia nao wana msemo wa “kuwaza sana”, kut caraeun, na sonona wanaweza kuieleza kwa kusema maji ya moyo yameanguka.

Tuchukue mfano mmoja tuutazame kwa karibu: khyâl cap wa Wakambodia, ambao mwongozo wa uchunguzi wa Kimarekani, DSM-5 wa mwaka 2013, umeutaja miongoni mwa dhana tisa za kitamaduni za mateso ya nafsi. Khyâl tafsiri yake ya karibu ni upepo. Hapa mzungumzaji wa Kiswahili achukue tahadhari, maana masikio yetu yakisikia upepo mbaya yanakwenda moja kwa moja kwenye pepo na mashetani. Huu si wa kumpanda mtu kama jini. Ni kitu kinachotembea mwilini pamoja na damu. Mtu anainuka ghafla kitandani, kizunguzungu kinamshika, naye anaamini khyâl inapanda: inabana mapafu, inafika shingoni, ambako anaogopa mishipa itapasuka, kisha inaingia kichwani, masikio yanavuma na macho yanaona giza. Hofu hiyo inaongeza mapigo ya moyo, mapigo yanathibitisha hofu, na baada ya dakika chache yupo kwenye shambulio kamili la wasiwasi. Ukimwuliza tu “una wasiwasi?” atajibu hapana. Ukimwuliza “ukiinuka, shingo inakuwaje?” utapata habari yote.

Basi fanya hivi. Pima shinikizo la damu akiwa amelala, kisha akiwa amesimama, mwonyeshe namba. Uliza maswali manne: ugonjwa huu nyumbani mnauitaje, unadhani umeletwa na nini, unaogopa utakufanyia nini mwilini, na umeshatumia dawa gani. Ukiona mistari myekundu mgongoni, imepangwa sambamba, usikimbilie kuandika kwamba amepigwa. Huenda ni alama za kukwaruzwa kwa sarafu iliyopakwa mafuta, tiba ya nyumbani ya Wakambodia na Wavietinamu, na hupotea baada ya siku chache. Familia zimewahi kushukiwa kutesa watoto kwa sababu ya mistari hiyo. Devon Hinton, aliyewatibu Wakambodia kwa miaka mingi huko Massachusetts, hakupingana na upepo wao. Aliwafundisha kuzungusha shingo polepole huku wakifikiria ua la yungiyungi likiyumba juu ya shina lake. Mgonjwa anajionea mwenyewe kwamba shingo imezunguka na hakuna mshipa uliopasuka. Hayo ni matibabu ya hofu kwa lugha ambayo mwili wake unaielewa.

Dodoso la PHQ-9, lenye maswali tisa ya kupima sonona, litumieni, lina tafsiri za lugha nyingi za Asia, na alama 10 kwenda juu zinadai uchunguzi zaidi. Lakini alama 4 kwa mtu asiyelala wiki tatu zisikutulize. Huenda amejibu hivyo kwa adabu tu.

Familia. Mgonjwa atakuja na mume, mama mkwe, pengine kaka mkubwa. Ukiwatoa nje mara moja umemvunjia mkubwa heshima, na ndiye mwenye uamuzi wa kumrudisha wiki ijayo. Ukiwaacha ndani muda wote, hutasikia ugomvi wa nyumbani wala kipigo. Gawa muda: dakika 5 za mkalimani, 15 na familia nzima ukianza kumsalimu mkubwa, 40 na mgonjwa peke yake, 20 za kurudi kwa familia, na 10 za kuandika. Sema tangu mwanzo kwamba kwa kila mgonjwa unafanya hivyo, ili kumtoa mama mkwe kusionekane ni tuhuma. Kabla familia haijarudi, mwulize mgonjwa kipi kisemwe na kipi kibaki. Wasemao mficha maradhi kifo humuumbua wana haki yao, lakini muelewe kinacholindwa: katika nyumba nyingi, ugonjwa wa akili wa mmoja unaharibu posa za ndugu zake wote. Jina la ugonjwa lina uzito. Japani ilibadili rasmi jina la skizofrenia, ugonjwa mzito wa akili, mwaka 2002, kwa sababu lile la zamani, lenye maana ya akili iliyopasuka, madaktari waliogopa kuwatajia wagonjwa.

Swali la kujiua liulizwe ndani ya zile dakika 40, bila kuzungukazunguka: “Watu wengi wanaoumwa hivi hufika mahali pa kutamani wasiamke. Wewe umefika huko?” Akisema ndiyo, uliza amepanga kufanya nini na kuna nini nyumbani, na asiondoke bila mpango wa usalama na namba 988, simu ya msaada kwa wanaofikiria kujiua hapa Marekani. Mtoto anayefaulu shuleni naye aulizwe. Mwaka 2019 kujiua ndiko kulikoongoza kwa kuua vijana wa asili ya Asia wa miaka 15 hadi 24 hapa Marekani.

Dawa anaandika daktari, ila nyinyi ndio mnaoona makosa kwanza. Watu wengi zaidi wa Asia Mashariki kuliko Wazungu wana kimeng'enya cha CYP2C19, kinachovunja dawa mwilini, kisichofanya kazi vizuri, hivyo sitalopramu, dawa ya sonona, hukaa mwilini kwa wingi. Kwa wenye kimeng'enya hicho dhaifu kiwango cha juu ni miligramu 20 kwa siku. Kinachotokea mara nyingi ni hiki: siku ya tano kichefuchefu kinamzidi, anaacha kimya kimya, hataki kumwaibisha daktari. Daktari anaona hakuna nafuu, anaongeza dozi. Kuhusu karbamazepini, dawa ya kifafa na ya kutuliza hisia, hakuna mjadala: kabla ya kidonge cha kwanza, mgonjwa mwenye asili ya China, Thailand, Vietnam, Ufilipino, Malaysia au Indonesia apimwe kinasaba cha HLA-B*15:02, kwani wenye nacho wanaweza kubabuka ngozi mwili mzima hadi kufa. Mwombeni pia alete mfuko wa dawa zote za nyumbani, mizizi na vikopo vyote, na msiukunjie uso.

Sue na mwenzake Nolan Zane waliandika mwaka 1987 kwamba mgonjwa lazima aondoke na kitu mkononi siku ya kwanza. Kiwe kidogo lakini cha kweli: namba za shinikizo lake la damu, zoezi la shingo, agizo la kuacha chai kali baada ya saa nane mchana, karatasi yenye jina la ugonjwa kama mlivyokubaliana kuliita, na miadi ndani ya siku saba. Siku ya tatu apigiwe simu, na mkalimani yule yule akiwa kwenye laini. Aulizwe kwanza kuhusu usingizi na shingo, kwa sababu hivyo ndivyo alivyovileta.