Hatukulala Hotelini: Mimi, Mama na Ukoo Wetu wa Matanzas

Haya jamani, asalaam aleikum, hamjambo. Tanga, Dar, Mombasa, na nyinyi wa Muscat mnaonitazama mkiwa mmeshasinzia nusu, karibuni. Leo nipo jikoni kwangu tu hapa Toronto, sijajipara, pua inabambuka kwa jua, tuvumiliane.

Ile picha ya bahari niliyoipandisha juzi, karibu kila mtu kaniuliza kitu kimoja: hoteli gani hiyo? Hakuna hoteli. Pale ni Guanabo, Cuba, mashariki ya mji mkuu Havana, hata saa nzima kwa gari haifiki, kama mafuta yamepatikana. Tulipanga nyumba ya mtu. Vyumba vichache, baraza, feni inayozunguka ikijisikia, na ukifungua mlango tu watoto wameshaingia majini.

Najua watu wa hapa wakisema wanakwenda Cuba ni Varadero. Ndege moja kwa moja, unavishwa kikuku cha plastiki, unakula mpaka unachoka, wiki inakwisha hujazungumza na Mcuba ila yule aliyekuletea taulo. Sawa, pesa ni yako. Ila mimi nilikuwa naenda kuonana na ndugu wa mama yangu, na hoteli zile za watalii, mpaka mwaka 2008, Mcuba alikuwa haruhusiwi kulala. Ndani ya nchi yake! Siku hizi ruhusa ipo, lakini mama mkubwa ni mwalimu mstaafu, na pensheni yake ya mwezi hainunui trei moja ya mayai. Sasa nimwite aje anisalimie getini? Ndugu unamfuata anakoogelea yeye.

Kwa wageni wa chaneli hii: mama yangu ni Mcuba, mtu wa mji wa Matanzas. Baba alipelekwa kule kusomea kilimo miaka ya 80, akarudi Tanga na shahada na mke. Mama husema siku ile alipoona mashamba ya mkonge kwenye dirisha la basi alishusha pumzi, maana kwao Matanzas nako walikuwa wanalima mmea wa jamii hiyohiyo na kusokota kamba. Akaona basi, hapa pataishika. Halafu 1991 Umoja wa Kisovyeti, uliokuwa ukiibeba Cuba, ukavunjika, Cuba ikaingia kwenye dhiki usiyoweza kuisimulia, barua zikawa zinakaa njiani mpaka habari iliyomo imeshachacha. Mara ya mwisho mama kukanyaga kwao ilikuwa 1999, kwenye msiba. Safari hii yeye alipitia Istanbul, mimi nikashuka kutoka huku, tukapokeana Havana.

Kidokezo kwa mnaokwenda: tangu Julai 2021 serikali yao inaruhusu msafiri kuingiza chakula, dawa na vitu vya usafi bila ushuru, na muda huo wamekuwa wakiuongeza. Angalieni kwanza kama bado upo, kisha jazeni begi. Mama sanduku lake lote lilikuwa dawa za presha, sabuni, na kanga. Kanga nilimwambia za nini. Akaninyamazisha.

Sasa nifike kwenye nguruwe.

Mama mkubwa na mjomba walitoka Matanzas asubuhi, wakavuka daraja la Bacunayagua, ndani ya Chevrolet ya miaka ya 50 iliyotiwa injini ya dizeli inayokohoa kama mzee wa shisha. Wakashuka, vilio, mabusu, kila mtu anamshika mama uso kama anahakiki sura. Halafu mjomba akafungua buti. Nguruwe mzima! Amelowekwa usiku kucha kwa vitunguu saumu, bizari ya pilau na maji ya madanzi. Mama mkubwa akafunua kitambaa mwenyewe, amenyoosha mgongo, maana mnyama yule kachangiwa na ukoo mzima kwa miezi.

Na mama yangu alisilimu kabla hajafunga ndoa. Kule walijua kaolewa na Mwislamu. Hawakujua mambo yanafika mpaka jikoni.

Mimi nilikuwa nimeshika kamera, nikaizima. Mama akamshika dada yake mkono, wakasogea pembeni. Kihispania changu ni cha kuombea maji, lakini pale nilielewa. Mama mkubwa akamtazama weee, kisha akauliza, "Hata ngozi?" Ile ngozi iliyokauka, inayopasuka mdomoni, ndiyo watu wanayoigombania. Mama akajibu, "Hata ngozi." Mama mkubwa akashika kichwa, kama vile kaambiwa mdogo wake ana maradhi. Halafu akaanza kucheka, mama naye akacheka, wakacheka mpaka wakakaa chini.

Basi, mjomba akatumwa ufukweni, akarudi na samaki wekundu wawili. Wali wao wa maharage, kongri wanaita, ulikuwa umeshapikwa na mafuta ya nguruwe. Mama mkubwa akabandika sufuria nyingine ndogo kwa mafuta ya soya, sijui ya nini, mafuta ya chupa, na mwiko wake akaufunga leso nyekundu kwenye mpini. Akatangaza kwa wote, mpaka watoto: atakayeutia mwiko huu kwenye chungu kingine nitamkata mkono. Siku zote tulizokaa leso ile haikufunguliwa. Kuna watu wanaswali safu moja nami ambao hawana uangalifu ule.

Tukala mihogo ya kuchemsha iliyomwagiwa mafuta ya moto yenye vitunguu saumu na danzi. Mtu wa Tanga huwezi kujisikia mgeni mbele ya sahani ile. Na ndizi mbichi: unakaanga, unaziponda bapa, unakaanga tena. Nitawaonyesha video nyingine.

Umeme? Ulikatika tukiwa bado mezani. Na hapa kuna kichekesho kichungu. Mtambo wao mkubwa wa umeme, Antonio Guiteras, upo Matanzas, mjini kwao kabisa. Ulipozima tarehe 18 Oktoba 2024, nchi nzima ikaingia gizani. Mama mkubwa anaishi na mtambo ule, anavuta moshi wake, na nyumbani kwake anapikia mkaa. Mama yangu wala hakushtuka; miaka ya mgao wa Tanesco imemkomaza, aliinuka akatafuta mshumaa kama yupo Chumbageni, Tanga.

Jambo lililonikaa rohoni ni jingine. Nilikuwa na orodha ya binamu na dada zangu, nimewaandika majina kwenye simu, kila mmoja na mtoto wa nani. Nikafika, meza imejaa wazee na watoto. Hakuna wa katikati. Nikauliza mmoja baada ya mwingine: Tampa, Houston, Madrid, Montevideo. Novemba 2021 Nicaragua iliwaondolea Wacuba viza, basi vijana wakauza nyumba, friji, pikipiki, wakarukia Managua na kuanza kupanda juu kwa miguu na mabasi hadi mpaka wa Marekani. Takwimu za serikali yenyewe sasa zinasema nchi ina watu chini ya milioni 10, na ilikuwa zaidi ya 11. Mimi nilivuka bahari kwenda kuwaona binamu zangu nikaonyeshwa kwenye simu.

Kuna mjukuu wa mama mkubwa, mama yake yuko Tampa. Kila jioni, mtandao ukikubali, bibi anampigia, na mtoto anamgeuzia mama yake simu aone mawimbi. Haongei. Anamwonyesha maji tu, anamwonyesha miguu yake ndani ya maji, mama wa huko anasema "naona, naona".

Nasi wa ughaibuni tunapenda kufanya video za kulalamika kuombwa. Mama mkubwa hakuniomba kitu hata kimoja. Nilimkuta alfajiri na kisu cha jikoni anakata kidonge cha presha vipande viwili, kimoja cha leo, kimoja cha kesho, na begi la dawa tulizomletea lipo palepale halijafunguliwa zipu. Anatunza. Nilimfungulia mwenyewe nikamhesabia vidonge mbele yake, akakubali kwa shingo upande.

Asubuhi hiyohiyo alivaa nyeupe na buluu, shanga shingoni, akaenda baharini kumwagia Yemayá, mungu wao wa kike wa bahari, asali ya miwa. Ni ibada iliyokuja na Wayoruba waliopelekwa kule utumwani. Mama hakushiriki wala hakusema neno, akabaki mchangani ameshika ndala za dada yake. Msianze kunihukumia mama yangu kwenye komenti, nitafuta.

Na usiku kwenye domino ndipo mjomba akatoa jipya. Anasema bibi yake bibi yao alikuwa "macuá". Mimi nikaacha kete. Matanzas ilikuwa kitovu cha sukari, watumwa walitolewa kila pembe, na utumwa haukufutwa Cuba mpaka 1886. Karne ile ya 19 meli zilipakia watu hata pwani ya Msumbiji, na waliotoka huko waliandikwa kwa jina hilo. Wamakua, jamani. Wa Masasi wamenyanyua kichwa, nimewaona! Ila sitaki kuwazushia: mjomba hana karatasi, ana maneno ya wazee tu, na alikuwa anashinda mchezo kwa hiyo alikuwa na raha. Kama kuna Mmakua hapa mwenye wazee wanaohadithia watu waliochukuliwa kwa meli, niandikie. Nimemwahidi mjomba.

Mnaouliza kwa nini mama haonekani kwenye video za kurudi: hakurudi. Tiketi kaisogeza mbele, yupo Matanzas, kamvalisha dada yake kanga na wamekaa barazani wanachambua maharage. Baba ananipigia mimi kila siku kuuliza mkewe anarudi lini. Baba, najua unatazama. Shikamoo. Namba ya mama unayo, mpigie mwenyewe, mimi simo.