Jenerali Waddy Thompson na Mateka wa Santa Fe

Waheshimiwa wasikilizaji,

Mtu ninayemzungumzia leo alizaliwa South Carolina, Marekani, mwaka 1798, akaanza uwakili mwaka 1819. Mwaka 1832 jimbo lake lilipotangaza kuwa ushuru wa forodha wa serikali kuu ni batili katika ardhi yake, Waddy Thompson alikuwa upande wa walioukataa ushuru huo, na katika mvutano huo akapewa cheo cha brigedia jenerali wa jeshi la mgambo. Vita havikutokea, lakini jina la Jenerali lilimganda.

Februari 1837, akiwa mbunge mjini Washington, alimsikia mzee John Quincy Adams, aliyewahi kuwa rais, akimuuliza Spika kama ombi lililosemekana limetoka kwa watumwa 22 linaweza kupokewa. Thompson alisimama kutaka Adams akaripiwe rasmi mbele ya Baraza la Wawakilishi. Baadaye Adams akafichua kwamba waombaji hao hawakutaka utumwa ukomeshwe, bali walitaka uendelee! Wakili aliyeshtaki kabla ya kujua waraka unasema nini hana wa kumlaumu, na hoja ya karipio ikaanguka.

Mwaka 1842 alipelekwa Mexico kuwa balozi. Huko aliwakuta mateka wa msafara uliotoka Texas, wakati huo nchi huru, mwaka 1841 kwenda Santa Fe, mji uliokuwa chini ya Mexico, watu waliokuwa wamekamatwa na kuswagwa kwa miguu, mamia ya maili, hadi kwenye magereza ya Mexico ya kati. Thompson aliwaombea kwa Rais Santa Anna, na Juni mwaka huo wengi wao wakaachiwa.

Hapa ndipo ninapomwona vizuri zaidi kuliko katika vyeo vyake. Aliyewaombea mateka uhuru, tena katika nchi iliyokuwa imefuta utumwa tangu 1829, ndiye yuleyule asiyestahimili mtumwa aombe hata kwa karatasi. Simwiti mnafiki, kwa kuwa sheria aliyoisomea ilimhesabu mateka kuwa mtu na mtumwa kuwa mali.

Aliporudi alichapisha kumbukumbu zake za Mexico mwaka 1846, akapinga vita vya nchi yake dhidi ya Wamexico. Alifariki Tallahassee, Florida, Novemba 1868. Mwaka huohuo, katika baraza la wawakilishi la South Carolina alimowahi kuketi, wajumbe walio wengi walikuwa watu weusi, na baadhi yao walizaliwa utumwani.