Ukipokea Samansi ya Kutoa Ushahidi

Mbukwenyi! Wazee wangu, kina mama na vijana wa Chamwino, asanteni kwa kuja.

Samansi ya ushahidi, yaani hati ya mahakama ya kukuita uje kutoa ushahidi, kwenye kesi ya jinai huletwa na polisi au mhudumu wa mahakama, mara nyingine hupitia kwa mtendaji wa kijiji. Nakala ni mbili: moja yako, nyingine unasaini nyuma kwamba umepokea. Kusaini si kukiri kosa. Papo hapo soma jina la mahakama, namba ya kesi, tarehe na saa, na kama umeagizwa kwenda na kielelezo, yaani kitu au karatasi ya kuonyesha mahakamani. Mahakama ya Wilaya na Mahakama ya Hakimu Mkazi si moja. Watu hukaa benchi la mahakama nyingine mpaka mchana, huku kwingine jina linaitwa.

Usipofika bila sababu ya msingi, hakimu anaweza kutoa hati ya kukukamata na kukutoza faini. Ukiugua au ukifiwa, mpe taarifa mwendesha mashtaka mapema, na ugonjwa uwe na cheti. Mashahidi wakikosekana kesi huahirishwa, na ahirisho zikizidi mshtakiwa huweza kuachiwa bila kusikilizwa. Aliyeibiwa ng'ombe anabaki hana haki wala ng'ombe. Hili linaniumiza sana.

Siku yenyewe utasubiri nje hadi uitwe, usijadili kesi na mashahidi wenzako. Utaapa kwa dini yako au utathibitisha bila kiapo kwamba utasema kweli. Aliyekuita huuliza kwanza, upande wa pili hukudodosa, kisha wa kwanza hurudi kufafanua.

Ushahidi mwingi huanguka kwenye utambuzi wa usiku, yaani kusema ulimtambua mshtakiwa gizani. Tangu shauri moja la mwaka 1980, Mahakama ya Rufani inataka kujua: ulimwangalia mtu huyo kwa muda gani, kwa umbali gani, mwanga ulikuwa wa nini na mkali kiasi gani, ulimfahamu kabla? "Kulikuwa na mbalamwezi" haitoshi. Eleza kwamba taa ya sola ilikuwa juu ya mlango wa zizi, naye alisimama hatua tano kutoka kwako, kama ndivyo ilivyokuwa. Taja pia uliyemwambia jina lake mara ya kwanza, na lini; kumtaja mapema huupa ushahidi uzito.

Omba kusomewa maelezo uliyoandika polisi kabla ya kupanda kizimbani. Ukiongeza kizimbani jambo kubwa ambalo halimo mle, wakili atakubana hapo hapo, na ana haki. Uliyosimuliwa na shemeji, mwache shemeji aje ayaseme mwenyewe. "Sikumbuki" ni jibu kamili likiwa kweli. Uongo wa makusudi chini ya kiapo ni kosa, na kifungo chake hufika miaka saba.

Ukitishiwa, usinyamaze wala usitoroke. Mwambie mwendesha mashtaka. Ipo sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda mashahidi, na upande wa mashtaka unaweza kuiomba mahakama ifiche utambulisho wako. Ombi hilo lina maana kabla jina lako halijasomwa hadharani, kwa hiyo semeni siku ile ile mnapotishwa.

Mwenye samansi mkononi aje mbele tuisome pamoja.