Ndoo ya Kwanza: Bia Imeharibika au Bado?

NEEMA: Karibu tena, msikilizaji. Leo ratiba tumeiweka kando kwa sababu Kaka Baraka amekuja na jambo.

BARAKA: Nimekuja na wasiwasi, dada. Ile bia yangu ya kwanza kujitengenezea, ndoo ya lita 23, iko hapa nyumbani Leeds, Uingereza. Siku za mwanzo ilichemka vizuri, povu juu, kifuniko kikitoa hewa usiku na mchana. Sasa imetulia, na nikichungulia naona vitu vyeupe vinaelea. Niimwage?

NEEMA: Usimwage kitu. Nieleze kwanza unachokiona. Vina manyoya?

BARAKA: Havina. Ni visiwa vidogo, weupe wake umeingia ukahawia, vimeshikilia vipovu. Halafu ukutani mwa ndoo, juu kidogo ya bia, kuna mduara wa uchafu uliokaukia pale.

NEEMA: Huo mduara kila ndoo inao. Povu lilipopanda lilibeba mabaki ya hopsi, yale maua machungu yanayotiwa kwenye bia, na ya hamira, liliposhuka likayaacha. Vile visiwa, ukiisogeza ndoo vinafanyaje?

BARAKA: Jana niliisogeza, viwili vikamegeka vikazama.

NEEMA: Basi hiyo ni hamira, imepandishwa na gesi, itashuka yenyewe. Utando wa vijidudu hauko hivyo. Ule unakaa kama ngozi ya maziwa yaliyopoa: mweupe, mkavu, una mikunjo, na mapovu yamenaswa chini yake. Ukiupasua, kesho unajifunga tena. Mara nyingi ni hamira mwitu, Brettanomyces, au bakteria wa asidi. Wataibadilisha ladha, lakini hawatakulaza hospitalini.

BARAKA: Na ukungu?

NEEMA: Ukungu ndio wenye manyoya. Wa kijani, mweusi, buluu. Ukiuona, mwaga yote, hapo sina mjadala. Aina nyingine za ukungu hutoa sumu, na kuengua juu hakuondoi kilichokwisha kushuka.

BARAKA: Sasa niseme kinachonikosesha usingizi. Kwetu tumezika watu kwa sababu ya pombe. Mei 2014 kule Kenya, Embu, Kiambu na kwingine, makumi ya watu walikufa, na wengine wakapofuka. Rafiki zangu nimewaahidi hii bia. Nitampaje mtu glasi huku mwenyewe sina hakika?

NEEMA: Ni swali la haki kabisa. Wale walikunywa pombe iliyotiwa methanoli, kemikali ya viwandani. Haitoki kwenye ndoo ya shayiri. Hamira ikila sukari ya kimea, yaani shayiri iliyochipuzwa, inakupa kileo cha kawaida na gesi ya kaboni. Methanoli inayopatikana hapo ni kidogo mno, haidhuru. Kinachodhuru ni mtu kuichanganya makusudi ili apate faida.

BARAKA: Na vijidudu vya kuharisha?

NEEMA: Ulichemsha maji ya kimea na hopsi saa nzima, sivyo? Hamira ikaanza kazi mapema. Bia ikishachacha, asidi yake iko kwenye pH ya 4 na kitu, kuna kileo, kuna uchungu wa hopsi, na oksijeni karibu hakuna. Salmonela na wenzake hawastawi humo.

BARAKA: Haya. Lakini inanukia ndizi mbivu, na mimi sikutia ndizi.

NEEMA: Ndoo umeiweka wapi?

BARAKA: Sebuleni, karibu na radieta.

NEEMA: Hamira nyingi za ale, aina ya bia kama yako, zinapenda nyuzi 18 hadi 20. Joto likizidi, yenyewe hutoa harufu ya matunda, na ndizi ndiyo ya kwanza. Isogeze. Harufu ya kukutia shaka ni siki kali, au harufu ya plasta na dawa ya hospitali. Ya siagi ingojee siku kadhaa, hamira huwa inaila yenyewe.

BARAKA: Mbona Uchagani kwenu, Kilimanjaro, mbege, ile pombe ya ndizi, inachacha wazi, na hakuna anayeulizana maswali haya?

NEEMA: Nafurahi umeitaja. Mbege unachemsha ndizi mbivu, unaziacha zichache siku kadhaa, unachuja, unachanganya na uji wa ulezi uliochipuzwa ukasagwa. Ule uchachu wake ni kazi ya bakteria wa asidi, ndugu wa hawa unaowaogopa. Kule ni wenyeji, na ladha inawategemea. Ila mbege inanyweka leo au kesho, tena bado inachemka. Wewe bia yako unataka ikae chupani miezi. Hilo ndilo lililowasumbua hata wenye viwanda. Miaka ya 1870 mwanasayansi Mfaransa, Pasteur, aliichunguza bia kwa hadubini akaviona vijidudu vinavyoiharibu, na mwaka 1883 mwanasayansi wa Denmark, Hansen, kwenye maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg kule Copenhagen, akafaulu kukuza hamira safi kutoka seli moja. Kwa hiyo wasiwasi wako ni wa siku nyingi, kaka.

BARAKA: Sasa nifanye nini leo?

NEEMA: Haidromita unayo, kile kipimo cha uzito wa bia kinachoonyesha sukari iliyobaki? Ilisomaje mwanzoni?

BARAKA: 1.048.

NEEMA: Chota kidogo kwa chombo kilichosafishwa kwa dawa, pima, kisha onja. Usirudishe kwenye ndoo ulichoonja. Ukikuta 1.012 hivi, funga, usichungulie tena, maana kila ukifungua unaingiza hewa. Pima baada ya siku tatu. Namba ikiwa ile ile, imemaliza, na kileo kiko kama asilimia 4.7.

BARAKA: Ikiwa bado inashuka?

NEEMA: Subiri. Hapa ndipo penye hatari ya kweli, kuliko visiwa vyako. Ukitia chupani bia ambayo haijamaliza, au yenye vijidudu vinavyoendelea kula sukari, gesi inajaa na kioo kinapasuka. Vipande vinaruka, watu wameumia macho. Sukari ya chupani, ile unayoongeza ili bia ipate gesi, isizidi gramu 6 kwa lita. Kwa ndoo nzima ni gramu 138. Pima kwa mizani, usikisie kwa kijiko.

BARAKA: Na nitajuaje gesi imetosha bila kufungua?

NEEMA: Chupa moja iwe ya plastiki. Ibonyeze kila siku. Ikiwa ngumu kama ilivyokuwa na soda yake, peleka zote kwenye friji.

BARAKA: Za maji ninazo nyingi.

NEEMA: Za maji hazihimili gesi. Tafuta ya soda.